Soli Ileile, Uso Mpya: Kitenzi "Revamp" Mikononi mwa Mtafsiri

Mshona viatu akiletewa kiatu kilichopasuka pale vidole vinapojikunja, hakitupi. Soli bado nzima, kisigino hakijalika upande, ngozi ya nyuma inayokumbatia kifundo haina neno. Kilichokufa ni ngozi ya mbele tu. Basi anakata nyuzi, anaibandua ngozi hiyo kwenye soli, anailaza juu ya kipande kipya na kuizungushia kalamu, akiacha ukingo wa ziada pande zote. Ukingo huo ndio unaokunjwa chini na kubanwa na soli. Akiupunja, ngozi mpya ikivutwa juu ya kalibu, lile umbo la mguu, haifiki, na mwenye kiatu atatembea vidole vimejikunja kama anayeficha sarafu. Akishashona na kugundisha, soli ileile inarudi chini, na kiatu kinatoka kibandani kina uso mpya.

Ngozi hiyo ya mbele Waingereza wanaiita "vamp", na kazi hiyo ndiyo iliyozaa kitenzi "revamp", ambacho leo kimejaa kwenye habari za biashara, michezo, siasa na teknolojia, na ambacho kinawasumbua watafsiri wa Kiswahili kuliko urefu wake unavyostahili.

Neno lenyewe limetoka Kifaransa cha kale, "avantpié": "avant" ni mbele, "pié" ni mguu. Waingereza walilitafuna mpaka likabaki "vampe", kwanza kwa maana ya sehemu ya soksi inayovaa mguu, baadaye kwa maana ya kipande cha mbele cha kiatu. Kutoka hapo kikapatikana kitenzi "vamp", yaani kukitia kiatu ngozi mpya ya mbele, na mwanzoni mwa karne ya 19 kikaongezewa "re-". Yule "vamp" mwingine, mwanamke wa sinema za zamani anayewamaliza wanaume kwa macho, ni kifupi cha "vampire" na hana undugu wowote na kiatu. Wapo wanaowachanganya.

Leo Mwingereza akisema anataka ku-"revamp" tovuti, menyu au sebule, hamfikirii mshona viatu hata kidogo. Ila mtafsiri akikikumbuka kile kiatu, hukosea mara chache, kwa sababu kiatu kinampa swali la kuuliza kabla hajagusa kamusi: soli ni ileile?

Maana "revamp" inadai mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, kitu kimebaki kuwa kile kilichokuwapo: jarida ni lilelile, hoteli ni ileile, ligi ni ileile. La pili, mabadiliko ni makubwa kiasi kwamba mtu anayekijua kitu hicho akikiangalia anayaona bila kuambiwa. Kuhamisha kitufe kimoja kutoka kushoto kwenda kulia mwa tovuti si "revamp". Kiingereza kina neno dogo la hilo, "tweak", na Kiswahili kinasema kurekebisha kidogo. Upande wa pili, ukiivunja nyumba mpaka msingi na kujenga nyingine, hakuna tena soli. Kenya ilipouacha mfumo wa elimu wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, na kushika mtaala wa umilisi wenye mgawanyo wa 2-6-3-3-3, hata idadi ya miaka katika kila ngazi ilibadilika. Kuita jambo hilo "revamp" ni kulipunguza. Hapo hata "overhaul", kufungua kila kitu na kukikagua, linapumua kwa shida, na neno la haki ni "replace", kuweka kingine mahali pake.

Sasa tuje kwenye kosa linaloongoza, ambalo ni "kuboresha".

Neno hili limekuwa kama chumvi: kila mboga inatiwa. "Improve" ni kuboresha, "upgrade" ni kuboresha, "enhance" ni kuboresha, "develop" wakati mwingine ni kuboresha, na "revamp" nayo inasukumwa humohumo. Tanzania ilipoanza kutumia mitaala mipya mwaka 2024, jina lililoshika lilikuwa "mitaala iliyoboreshwa". Hilo ni jina rasmi, na serikali ina haki ya kuisifu kazi yake. Mtafsiri hana haki hiyo. Ndani ya "kuboresha" mna "bora", kwa hiyo ukishalitumia umeshatoa hukumu kwamba kitu kimekuwa kizuri zaidi. "Revamp" haisemi hivyo. Inasema kimebadilishwa sura, basi. Kama kimependeza au kimeharibika, hilo linakuja kwenye sentensi inayofuata.

Ndipo vinapozuka vituko vya aina hii. Kiingereza kinasema: "Customers hate the revamped menu." Mtafsiri mwenye haraka anaandika: "Wateja wanaichukia menyu iliyoboreshwa." Msomaji anabaki anajiuliza wateja gani hao wanaochukia kilicho bora. Ukiandika "Wateja hawaitaki kabisa menyu mpya" au "hawaitaki menyu ilivyopangwa upya", sentensi inakaa. Kipimo ni rahisi: chukua tafsiri yako, iongezee maneno "na sasa ni mbaya kuliko mwanzo". Ikigoma, umetumia neno lenye sifa ndani yake. Kuboresha linagoma. Kupanga upya halina shida, kubadilisha sura halina shida.

"Kukarabati" nalo lina mipaka yake. Ni neno la majengo, barabara, meli, viwanja na mitambo. Uwanja wa Benjamin Mkapa hukarabatiwa, na hakuna anayeshangaa. Lakini "kukarabati menyu" linachekesha, na "kukarabati taswira ya chama" linamfanya msomaji amwone fundi ana mwiko na ndoo ya saruji mbele ya mwenyekiti. Isitoshe, ukarabati unadokeza kwamba palikuwa na uchakavu. "Revamp" haihitaji uchakavu. Kampuni inaweza kubadilisha sura ya bidhaa inayouzika vizuri kabisa, kwa sababu tu mshindani ametoa yake yenye mvuto. Hali ni hiyohiyo kwa "kurekebisha", ambalo linabeba harufu ya kosa lililokuwapo, na ambalo kisheria limeshachukuliwa na katiba: Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 imefanyiwa marekebisho mara kadhaa, na hayo ni "amendments", vifungu maalumu vinavyoguswa kwa utaratibu maalumu. Usiyaite hivyo mabadiliko ya ukurasa wa mbele wa gazeti.

Wanaolipatia neno hili kuliko wengine, tena bila kulitafuta, ni waandishi wa michezo. Kocha mpya akifika na kuondoa wachezaji saba, akasajili sita na kubadilisha mfumo wa uchezaji, wao huandika kwamba amekifumua kikosi na kukisuka upya. Wenzao wa siasa wanaandika hivyohivyo juu ya baraza la mawaziri au safu ya uongozi wa chama. Msamiati huo umetoka kwa msusi, na ukimwangalia msusi kazini utaona kwa nini unafaa.

Mteja akija na mistari ya wiki tatu, nywele za mbele zimeshalegea na zimeanza kusimama. Msusi hakati. Anaanzia kwenye ncha, anapenyeza mkia wa kitana katikati ya msuko, anautenganisha kidogokidogo kuelekea kwenye ngozi ya kichwa. Akianzia juu atafunga fundo na kung'oa. Akimaliza anachana, anapaka mafuta, anagawa njia upya, na hapo ndipo mtindo unapobadilika: iliyokuwa mistari ya kulala nyuma inapanda juu, au inageuka na kuzunguka kichwa. Kichwa ni kilekile, nywele ni zilezile. Mtu akikutana na mwenye nywele njiani anamtambua, lakini anamwambia "umebadilika". Huo ndio "revamp" wa Kiingereza, ila wao waliuona miguuni na sisi tukauona kichwani.

Kwa hiyo "The coach has revamped the squad" ni "Kocha amekisuka upya kikosi." "The company revamped its website" inaweza kuwa "Kampuni imeisuka upya tovuti yake", na kama gazeti ni la utulivu zaidi, "imeipa tovuti yake sura mpya". Kwa mfumo wa kodi tungeenda taratibu, "kuufanyia mfumo wa kodi mabadiliko makubwa", maana kusuka kodi kunaleta picha ya ujanja, na msomaji wa kodi tayari ana mashaka yake. Kwa sebule sema tu "ameibadilisha sebule yake". Kiambishi cha mtendwa kisisahaulike: imeIsuka, ameKIsuka, kuUfanyia. Kitu kinachofanyiwa "revamp" karibu siku zote kinajulikana, ndiyo maana kinaitwa kwa jina. Ukikiacha kiambishi, "kocha amesuka upya kikosi", sentensi inaeleweka lakini inasomeka kama tangazo lililoandikwa kwa haraka.

Na hilo "upya" lisibadilishwe na "tena". Kiswahili hakina kiambishi cha "re-", kwa hiyo tunalazimika kuchagua, na maneno hayo mawili hayafanyi kazi moja. "Amesuka tena" ni kwamba alisuka juzi na leo amerudia, pengine mtindo uleule. "Amesuka upya" ni kwamba ameanza na sura nyingine. Kiingereza kinayafumba yote mawili ndani ya "re-", ndiyo maana mwanafunzi anayetafsiri silabi kwa silabi huteleza. Tuna pia njia ya tatu ambayo Kiingereza hakina kwa urahisi huo, ile -ua ya kutengua: funga na fungua, fuma na fumua, panga na pangua. "Rais apangua mawaziri" inasema kazi yote kwa maneno matatu. Angalia tu kwamba Waingereza kwa mawaziri hawasemi "revamp", wanasema "reshuffle", neno la kuchanganya karata, kwa kuwa mara nyingi watu ni walewale na kilichobadilika ni nani kakaa kiti gani.

Majirani wa neno hili ni wengi, na hakuna namna nzuri ya kuwatenganisha zaidi ya kuwapa kitu kimoja wakigombee. Chukua meli ya MV Liemba ya Ziwa Tanganyika. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipandevipande, ikasafirishwa mpaka Kigoma na kuunganishwa huko. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha isije ikaangukia mikononi mwa adui. Mwaka 1924 Waingereza waliiopoa: hiyo ni "salvage". Wakaitengeneza na kuirudisha kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba: hiyo ni "refit", neno la meli hasa. Miaka ya 1970 injini zake za mvuke ziliondolewa zikawekwa za dizeli. Tumbo jipya, ngozi ya zamani. Kiingereza kisingeita hilo "revamp", maana injini si uso. Kingesema "overhaul", na neno hilo lenyewe ni la mabaharia, lilianza kwenye kuvuta kamba za tanga na kuzilegeza kabla halijawa la kufungua kila kitu, kukikagua na kubadilisha kilichochoka. Fundi wa gereji anayekwambia "hii mpaka tushushe injini" anazungumza "overhaul". Wangepaka meli rangi, wakang'arisha shaba na kubadilisha magodoro ya vyumba, ingekuwa "refurbish", ambayo kiini chake ni "furbish", kusugua mpaka king'ae. Sisi tunalo pacha wake kabisa: kupiga msasa, kutoka kwenye mti wenye majani ya kukwaruza yaliyosugulia mbao kabla ya karatasi za dukani.

Kwa hiyo ndani kukibadilika, fikiria "overhaul". Uso ukisuguliwa, "refurbish". Uso ukibadilishwa, "revamp". Watengeneza programu wana lao, "refactor", ambalo ni "revamp" iliyogeuzwa kama soksi: msimbo wa ndani unaandikwa upya ila mtumiaji hatakiwi kuona tofauti yoyote. Ukitafsiri "refactored" kwa "imepewa sura mpya" umesema kinyume chake kabisa.

"Redesign" ndilo linalokaribia sana, na hapa kuna mtego usioonekana. Kusanifu ni kazi ya kichwa na karatasi. Msanifu anaweza kusanifu soko upya leo, michoro ikakaa kabatini miaka mitano, na bado sentensi "the architect redesigned the market" ikawa kweli. "Revamped the market" haiwezi kuwa kweli mpaka mafundi wawe wamemaliza. Basi ukiandika "wamelisanifu upya soko" pale Kiingereza kiliposema "revamped", msomaji makini atauliza: na ujenzi unaanza lini? Tukumbuke pia kwamba sanifu la "Kiswahili sanifu" ni la viwango, si la michoro, na "kusanifisha" ni kuweka viwango. Kichwa cha habari kisemacho "Tovuti yasanifishwa" hakihusiani na uzuri wa tovuti.

Kosa jingine ni la Kiingereza chetu wenyewe cha Afrika Mashariki. Kiwanda kimefungwa miaka kumi, mitambo imeota kutu, kisha mtu anatangaza mpango wa "to revamp the factory". Anachokusudia ni "revive", kufufua. Mtafsiri hapo asiufuate mdomo wa msemaji, afuate hali: kama milango ilikuwa imefungwa, andika "kukifufua kiwanda". Wapo pia wanaochanganya na "ramp up", kuongeza kasi au kiwango, kwa sababu masikio yanasikia "-amp" tu. "Ramp up production" ni kuongeza uzalishaji.

Kwa anayeliandika au kulitamka kwa Kiingereza, mambo machache yanatosha. Kitenzi hiki kinataka mtendwa: "revamp the menu". Hakisimami peke yake. "The company revamped" inaning'inia, sema "the company underwent a revamp". Hakitaki "on" wala "up" nyuma yake. Kugeuza ghala kuwa mgahawa ni "convert", kwa sababu kazi ya kitu imebadilika. Kikiwa kitenzi mkazo uko mwishoni, ri-VAMP. Kikiwa nomino, "a revamp", unarudi mwanzoni, RI-vamp. Wakati uliopita unaandikwa "revamped" lakini mwisho wake unasikika kama t, kwa kuwa p iliyotangulia haina mtetemo. Konsonanti tatu zinafuatana, m, p, t, na ulimi uliozoea irabu kila mwisho wa silabi utataka kuchomeka moja katikati. Uzuie, vinginevyo inakuwa "rivampedi". Waandishi wa vichwa vya habari wa Uingereza wanalipenda kwa kuwa ni fupi, herufi sita, na nafasi ya kichwa ni ndogo. Kwenye barua rasmi au hati ya mkataba lingekuwa limevaa kawaida mno, na hapo "restructure" au "redesign" huchukua nafasi.

Jengo moja linatosha kuonyesha uzito wa kuchagua vizuri. Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu la Zanzibar, lilijengwa mwaka 1883 enzi za Sultani Barghash. Sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, kazi ya ukarabati ikiwa inaendelea. Kinachotakiwa baada ya hapo kwa Kiingereza ni "restore", kulirejesha lilivyokuwa, kwani Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na jengo la urithi halibadilishwi sura kwa kupenda. Kiswahili kinayabeba matengenezo ya kawaida na urejeshaji wa namna hii kwa "ukarabati", kwa hiyo anayetafsiri kwenda Kiingereza asirukie "revamp" kwa sababu tu limezoeleka. Mtaalamu wa majengo ya kale akilisoma atapiga simu siku hiyohiyo kuuliza nani kawaruhusu. Lakini jumba hilohilo liliwahi kufanyiwa "revamp" ya kweli. Mnara wa saa tunaouona kwenye picha zake nyingi haukuwapo pale mwanzoni. Mnara wa zamani ulisimama mbele ya jumba, na mabomu ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896 yakauharibu. Mwaka 1897, wakati wa kujenga upya, mnara mpya uliingizwa kwenye uso wa jumba lenyewe. Kuta zilikuwa zilezile.